Niliyakanyaga Matawi ya Busunzu

Watu wananipa pole ya ajali. Ajali gani! Niliua, ndugu zangu, na nimechoka kupewa pole nisiyostahili.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Tanga, nilipangiwa kazi Kibondo. Huko nikaoa binti wa Kasulu, Mha. Mwaka 2013 nikapata kagari kangu kadogo, nikajiona dereva kuliko madereva wote.

Miaka ile barabara ya Kibondo kwenda Kasulu ilikuwa na sifa mbaya ya utekaji. Ofisini kwetu walimu wageni tulitishana kila siku: majambazi wanaziba njia kwa miti, ukisimama umekwisha. Basi tukaambizana, ukiona kizuizi kanyaga mafuta upite juu yake. Mjinga mimi nikalishika hilo kama dini.

Siku moja nilikuwa nampeleka mke wangu hospitali Kabanga. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mchana kweupe, tumeshapita Busunzu, nikaona matawi mabichi yametandazwa barabarani kabla ya kona.

Mke wangu akasema, "Mwalimu, punguza mwendo. Kuna gari limeharibika mbele."

Kila mtu wa huku anajua hilo. Gari likiharibika, dereva anakata matawi anayaweka mbali kidogo ili wenzake wasimgonge. Hata mimi nilijua! Lakini woga ulishanipanda kichwani. Nikamwambia afunge mdomo. Nikamwambia wanaoteka ni ndugu zake. Nikakanyaga.

Nyuma ya kona kulikuwa na lori, na mwanamume amechuchumaa anafunga nati za tairi. Aliposikia muungurumo aliinuka. Breki nilizipiga nimeshamfikia. Nilimbana kiunoni, bampa yangu huku, lori lake kule. Damu ilimtoka mdomoni ikamwagika kwenye boneti. Akafa vile vile, amesimama.

Watu wakatoka mashambani na majembe. Walinivuta nje kupitia dirishani, wakanipiga mateke na mawe, meno mawili nikayameza. Mke wangu akanilalia juu, akiwasihi kwa Kiha waniache. Mpini ulionitafuta mimi ukampata yeye tumboni, mara mbili, kabla hawajaona kuwa ni mjamzito.

Mtoto alitoka amekufa. Wa kiume.

Mke wangu hakuninunia wala kunitukana. Siku aliyoruhusiwa hospitali aliniambia, "Ulinisikia, Mwalimu. Ulikataa tu." Akaenda kwao. Huu ni mwaka wa pili, na wakwe zangu nikienda wananipa kiti, wananipa maji, yeye hatoki chumbani.

Mahakama ilinipa adhabu yangu nikaimaliza. Kisha nikamfuata mjane wa yule dereva kuomba radhi. Mama wa watu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, kama mumewe alisema neno lolote kabla ya kufa.

Nikamjibu hapana. Nilimdanganya! Hili sijamwambia mtu yeyote, si polisi, si mke wangu. Yule bwana alinitazama kupitia kioo, akasema, "Mbona niliweka matawi?"

Wewe unayeshika usukani, ukiyaona, toa mguu kwenye mafuta. Nyuma ya kona kuna mtu ameinama kazini, na ameyaweka kwa sababu anakuamini.