Firigisi ya Baba Mkubwa

Enzi zetu pale Ihanja, utapeli tulisomea kwenye mabenchi ya mbao, mchana kweupe, kwa kiingilio cha yai moja la kuku. Banda la video lilikuwa la udongo, televisheni ndogo, jenereta inakohoa nje. Mwenye banda ndiye aliyetutafsiria, na sasa najua Kiingereza hakukijua hata kidogo; alikuwa akitunga tu. Kwa hiyo hata hilo somo la utapeli tulitapeliwa.

Filamu yenyewe ilihusu wanaume wawili wenye suti. Mmoja anamzubaisha tajiri kwa maneno, mwenzake anabadilisha begi. Mimi na kaka yangu Ntandu tuliitazama mara tatu, tukatoka tumeiva. Nilikuwa binti wa miaka kumi, na nilijiona polisi wa nchi yoyote hawaniwezi.

Tatizo ni kwamba Ihanja haikuwa na tajiri mwenye begi. Tulichokuwa nacho ni firigisi. Wa rika langu mnanielewa. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni wa heshima akiwepo, basi. Mtoto uliambulia shingo na miguu, na ulishukuru.

Siku moja baba mkubwa, kaka yake baba, akaja kututembelea kutoka Manyoni. Mama akachinja jogoo. Kuku alipoiva, Ntandu akaja mbio jikoni: "Mama, ng'ombe wameingia kwenye uwele!" Mama akachomoka na fimbo. Mimi nikaopoa firigisi kwenye sufuria, nikatumbukiza tonge la ugali wa mtama nililokuwa nimelifinyanga tangu asubuhi, gumu, jekundujekundu. Machoni mwangu lilikuwa firigisi kabisa. Ile halisi nikaila nyuma ya ghala ikiwa ya moto vilevile, ikaniunguza ulimi hadi machozi. Ntandu aliporudi kudai nusu yake, nilikuwa nimemaliza. Huo ndio utapeli wangu pekee uliofanikiwa.

Nilipiga magoti kumnawisha baba mkubwa mikono, huku mama akiweka bakuli mezani. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi karibu na mlango, macho kwenye bakuli. Akasema taratibu, kama anayezungumzia mvua, "Mke wa jirani yetu alirudishwa kwao kwa sababu ya firigisi." Mama akainamisha kichwa. Kwenye filamu hakuna aliyeniambia kuwa atakayeaibika ni mama yangu.

Baba mkubwa akaichukua, akang'ata. Tonge likamvunjikia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akamtazama mama, kisha akanitazama mimi, niliyekuwa navuta hewa mdomo wazi ili kupoza ulimi.

"Vipi, imeiva?" bibi akauliza.

"Imeiva, mama. Laini kabisa." Akameza.

Tangu siku hiyo, kila alipokuja aliikata firigisi katikati na kunipa nusu mbele ya watu wote. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Niliila kwa aibu, sijui niangalie wapi. Afadhali angenichapa.

Baba mkubwa tulishamzika, na ninamkumbuka sana. Wanangu siku hizi wana filamu mkononi, wanatazama wamelala kitandani, hawalipi hata yai. Firigisi wanaisukuma pembeni ya sahani, eti ni ngumu. Nami, mhitimu wa banda la Ihanja, nimeshatapeliwa kwenye simu mara mbili, tena na watoto wenye umri kama wao.

Juzi tulikuwa kwa mama, akachinja kuku, akaanza kuwasimulia wajukuu. "Baba mkubwa alimgawia mama yenu firigisi kwa sababu ya adabu yake. Mtoto mwenye adabu kama huyu sijamwona tena." Ntandu akakohoa. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli baada ya miaka yote hiyo. Kisha nikamwona mama anavyojivunia, mzee wa watu, anatabasamu mwenyewe. Nikameza, kama alivyomeza baba mkubwa.