Gurudumu Halina Jini

Nakumbuka siku moja pale Gulwe, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka mpaka leo. Kaka yangu Yohana alipeleka mtama kwa Mzee Issa, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na mashine ya kusaga. Dizeli ikaisha, injini ikazima, lakini lile gurudumu lake zito la chuma likaendelea kuzunguka. Yohana hakuwa na subira.

"Liache, litasimama lenyewe!" Mzee Issa akapiga kelele.

Kaka akachukua ubao, akaukandamiza kwenye ukingo wa gurudumu. Ubao ukarushwa, ukampiga taya. Tulimwinua akitema meno.

Badala ya kumkimbiza hospitali, watu wazima, tena wengine wazee wa kanisa, waliokota mawe! Eti Mzee Issa amefuga jini kwenye mashine, ndiye aliyerusha ubao. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili. Nililia kwa hasira, maana nilisema kwamba yule mzee alimwonya, na hakuna aliyenisikiliza.

Shangazi yangu Debora, mwalimu wa fizikia kule Mvumi, alikuwa likizo kwetu. Akaja mbio, akasimama mbele ya Mzee Issa. "Anayetaka kurusha aanze na mimi!"

Akachomoa gurudumu la mbele la baiskeli, akalilaza, ekseli ikasimama kwenye tundu la ubao. Akalizungusha, akadondosha bonge la udongo karibu na katikati, likanata. Kasi ikapungua kidogo tu. Akarudia, safari hii bonge likanata ukingoni. Kasi ikashuka, kila mtu akaona.

"Mzunguko haupotei," alifoka. "Gurudumu likipungua kasi, kilichogongana nalo ndicho kimeuchukua, na ukingoni kinachukua mwingi zaidi. Hapa ni udongo. Kule ulikuwa ubao, na mbele yake taya la mtoto wetu. Jini yuko wapi? Mpakieni Yohana kwenye gari!"

Mawe yakaachiwa. Yohana alipona, ila hutafuna upande mmoja. Mzee Issa hakuombwa radhi na yeyote. Alifungasha mashine yake, akarudi Kondoa.

Na juzi nakusikia wewe, msomi mzima wa Makole mjini, ukisema grenda, ile mashine ya kukatia chuma, iliyomrukia mwenzako gereji imerogwa. Imerogwa na nani? Ungemtaja mtu, angepigwa!

Mwanangu, usikiguse kinachozunguka mpaka kisimame. Balaa likitokea, uliza kwanza nini kimegonga nini, ndipo ufungue mdomo. Na asiye na kosa akizingirwa, simama mbele yake. Mungu akulinde mikono, akupe na sauti isiyotetemeka mbele ya kundi.