Ukurasa wa kasiksi

Binti yangu, anayekaa Muhumba, anatengeneza kurasa za internet. Akina mama wa Cimpunda wanauzia sabuni yao kwenye ukurasa wake: mutu anagusa picha, komande, yaani oda, inaenda kwao. Sasa kampuni moja ya mbali imeomba brevet, hati ya uvumbuzi, ili ile namna ya kugusa picha iwe yake peke yake. Akina mama wakaogopa kufungiwa ukurasa.

"Ni hiyo kampuni ilianzisha?" nikamuuliza.

"Hapana, papa. Kila mutu anaitumia. Lakini ukipinga, lazima uonyeshe mutu aliyeitumia zamani, mbele yao."

Mimi masomo niliacha mapema. Nikamwambia kwetu, upande wa Lwiro, ndizi za kasiksi, pombe yetu, tunazikamua kwa majani ya shambani, na hakuna anayesema majani ni yake. Ile pombe ya mama yangu, ah, tuache hiyo. Niliposema kasiksi, binti akaruka. Alipokuwa mwanafunzi alinitengenezea ukurasa wa kuuza kasiksi: unagusa kibuyu, komande inanifikia. Ilishindikana, maana kasiksi haingoji. Iliwafikia wateja imechacha, wakanitukana vizuri.

"Papa, ule ukurasa ungali huko!"

Ameutuma kwa wanaochunguza maombi ya brevet, waone kwamba tuligusa picha mbele ya ile kampuni. Tunangoja. Akina mama wa sabuni wakinikuta njiani wanauliza: "Muzee, pombe yako imeshinda?"