Mbegu Nyekundu

Mpaka leo, mtu akishika kipaza sauti na kuanza kutambua wageni waheshimiwa mmoja mmoja, moyo hunichafuka. Sisemi kwa kupamba. Huwa nataka kutapika kweli. Watoto wangu husema nimezeeka vibaya. Wacha waseme. Hawakuwapo mtaani Huruma mwaka ule wa njaa, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada.

Mvua ilikuwa imegoma, na Eldoret, mji uliozoea kulisha wengine, ukawa unapanga foleni ya unga. Nilikuwa na chumba cha kupanga na cherehani yangu. Jirani yangu, mama aliyetoka upande wa ziwa, alikuwa akiwafulia watu nguo na kulea watoto wawili peke yake. Jioni moja alirudi kutoka kibarua cha shambani, huko Kimumu, akiwa amelipwa kwa mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa mbegu za kupanda, zimepakwa dawa ya wadudu, nyekundu kama lipstiki. Akaziloweka kwenye karai, akazisugua, akamwaga maji, akarudia mpaka zikawa nyeupe.

"Hii rangi ikitoka, si dawa nayo imetoka?" aliniuliza.

Sikujua. Mimi nilijua nguo.

"Usipike bado, Mama," nikamwambia. "Kesho kuna baraza, na bwana shamba anakuja kuongea juu ya hizo mbegu. Tumsikie kwanza."

Alikubali. Watoto wake walilala na uji mwepesi, karai limefunikwa pale pale chumbani.

Kesho yake vijana wa chama tawala walipita wakigonga milango, maduka yakafungwa, tukaketishwa uwanjani juani mpaka viongozi walipojisikia kuja. Bwana shamba alikuwa mtu nadhifu mwenye kalamu mfukoni, na alikuwa anajua. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote: alikuwa anajua. Muda mrefu baadaye, aliponiletea suruali nimpunguzie, aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba rangi hutiwa kwenye mbegu iwe onyo tu. Maji huondoa onyo, sumu inabaki. Hata kuchemsha hakusaidii. Ni maneno ambayo mtu angeyamaliza kabla chai haijapoa.

Lakini barazani mtu hakuanza na alichokuja kusema. Alimshukuru Mtukufu Rais. Akamtambua mkuu wa wilaya, ambaye hakuwapo, kisha aliyemwakilisha, kisha chifu, kisha mwenyekiti wa chama wa tawi letu, kisha kina mama wa chama waliopika chai. Kila cheo kilidai makofi yake. Akawa amemruka diwani. Akanong'onezewa, akaomba radhi, akarudi kuanza upya. Jirani yangu alikaa mbele kabisa, ameinua shingo, hapepesi macho.

Hatimaye akafika. "Sasa, wananchi, hizi mbegu nyekundu ambazo watu wanaosha na kula..."

Mwenyekiti akasimama, tumbo likitangulia. "Nani anakula mbegu? Unataka kusema serikali imeshindwa kulisha watu wake? Hapa hakuna njaa!"

Bwana shamba akatabasamu, na tabasamu lile nalichukia hadi kesho. "La, mheshimiwa. Nilikuwa nasema tu mbegu zetu ni nzuri. Ni safi kabisa."

Makofi. Kidole kimoja juu, saluti ya chama. Tukaruhusiwa kwenda.

"Umemsikia?" jirani yangu aliniambia njiani, uso wake umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu njaa ianze. "Amesema ni safi. Na huyo ni mtu amesomea." Alikuwa anatembea haraka, kwa sababu kuni zilikuwa chache na mahindi huchelewa kuiva.

Kabla jua halijazama watoto walikuwa wanatapika uani. Mkubwa alipona. Mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, tulimrudisha kutoka hospitali amefungwa kwenye leso ya mama yake.

Kwenye matanga viongozi walikuja wote, na mashati yao yaliyopigwa pasi. Mwenyekiti alikula, akaongezwa, akala tena. Kisha akampa bwana shamba nafasi awafariji wafiwa na kuwafunza akina mama kidogo juu ya usafi wa chakula. Usafi! Bwana shamba akasimama, akakohoa, akaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, chifu wetu mpendwa, wazee wa chama..."

Jirani yangu alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Hakupaza sauti.

"Bwana shamba," alisema, "leo wacha hao. Leo anza na mbegu."

Bwana shamba akafungua mdomo, lakini kwanza akamtazama mwenyekiti.