Redio Isiyoshuka Bondeni

Wanangu wanasema nina wivu na redio za mjini. Waseme. Asubuhi namsikia mtangazaji akiwasalimu watu wa Katandala mmoja mmoja, anacheka, anapiga muziki, anarudi kucheka tena, na sikatai kwamba kusikia mtaa wetu ukitajwa hewani kunanifurahisha. Zamani redio ilikuwa moja, ya taifa, na Sumbawanga tulitajwa kwa nadra mno. Lakini mtu asinieleze kwamba hizi mpya ndizo zimetukomboa. Mimi nusura zinitie aibu ya maisha.

Kituo cha kwanza cha binafsi kilipofunguliwa hapa mjini tulishangilia. Simu za mkononi zilikuwa za wachache, na kule bondeni hazikuwapo kabisa. Miezi michache baadaye baba yangu akafariki hospitalini. Aliniagiza jambo moja tu: asizikwe kabla dada yake hajamwona. Shangazi alikuwa Mtowisa, chini Bonde la Rukwa, analima mpunga. Kwa mama yao walikuwa wamebaki wao wawili.

Nikaenda kutangaza kifo. Zamani tangazo lilipelekwa Dar es Salaam kwa simu ya posta, ukakaa unasubiri zamu yako. Safari hii nilipanda ngazi za ghorofa moja tu karibu na soko. Kijana mtangazaji akanipa pole, akasoma mbele yangu: habari zimfikie dada wa marehemu, aliyeko Mtowisa. Akarudia mchana na jioni, kati ya tangazo la magodoro na wimbo wa mapenzi. Nikarudi nyumbani kwa baba, mtaa wa Malangali, nimetua mzigo.

Siku ya pili shangazi hakutokea. Baba mdogo, wa mama mwingine, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo, akasimama uani.

"Tumetangaza redioni mara tatu. Asiyetaka kuja hatumlazimishi. Kesho saa nane mchana tunazika."

Alikuwapo mfanyabiashara wa mpunga aliyekuja kutoa pole, mtu anayepanda na kushuka bondeni kila wiki. Akauliza ni redio gani. Tulipomwambia, akatikisa kichwa.

"Hiyo? Ukianza tu kuteremka mlima inakoroma, halafu kimya. Mtowisa hakuna anayeipata."

Nilijiona mjinga. Sisi watu wa juu tulidhani redio ni redio. Ile ya zamani iliwafikia hadi wavuvi wa ziwani, na hii mpya, kwa kuwa tuliisikia kila duka, hakuna aliyeuliza inaishia wapi. Nikamwomba yule bwana apeleke habari, maana lori lake lilikuwa linashuka mchana uleule. Kisha nikamgeukia baba mdogo nikamwambia hatuziki.

"Mtoto wa kike unazuia maziko?"

"Nazuia, baba."

"Watu wametoka mbali. Chakula kitaisha."

"Kiishe."

Karatasi ya mochwari ya kutolea mwili ilikuwa kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza. Niliifunga kwenye pindo la khanga nikakaa nayo mkekani. Aliyetaka kuzika aje anifungue kwanza. Wakaniita jeuri, wakaniita msomi, mama zangu wadogo wakaacha kunisemesha. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo, lakini hasira ilizidi woga. Saa nane ya kesho yake ikapita nikiwa palepale, na watu wawili watatu wakachukua mizigo yao wakaondoka.

Shangazi alifika asubuhi iliyofuata, vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake walianza kulia, yeye hakulia. Alikuja akakaa kando yangu mkekani, akanishika mkono, na baba mdogo amesimama hatua mbili kutoka tulipo.

"Mwanangu," akasema, "mimi kila jioni nafungua redio ya taifa nasikiliza vifo. Siku ile aliyokufa nilisikiliza. Kesho yake nikasikiliza tena. Kaka hakutajwa. Nikalala namshukuru Mungu kwamba ni mzima."

Baba mdogo akaangalia chini. Wazee walinishauri baadaye nimwombe radhi kwa kumvunjia heshima mbele za watu. Sikumwomba, na kama angekuwa hai leo nisingemwomba.