Olive Wragg na Njia ya Kanisani

Olive Wragg alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Ukimkanyaga mguu dukani, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Nasema hivi kwa upendo, maana nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa. Na kusema kweli, pale kijijini kwetu Ashenlow sote tuko hivyo. Dereva wa basi akitupitisha kituo, tunashuka mbele huko kwenye mvua na bado tunamwambia asante.

Alizaliwa hapo hapo, kwenye milima ya Derbyshire, nyumba za mawe ya kijivu zilizobanana kama kondoo wakati wa baridi. Akapika jikoni mwa shule mpaka akastaafu. Nusu ya kijiji ilikula viazi vyake vya kuponda, na nusu hiyo ilimwogopa mpaka uzeeni. Mumewe Wilf alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa, na vumbi la chokaa likammaliza. Akazikwa kanisani, ng'ambo ya shamba la mzee Seth Bagshaw.

Kila asubuhi, baada ya chai, Olive alikata njia katikati ya shamba lile kwenda kumpa Wilf habari za kijiji. Si yeye tu. Watoto walipita hapo kwenda shule, na sisi wengine kwenda ibada. Njia nyingine ni kuzunguka kwa barabara kubwa, ambako malori ya machimbo hupita yakikugusa kiwiko.

Mzee Bagshaw akafa. Wanawe, waliohamia Australia zamani, wakaliuza shamba kwa Denholm Pryce, bwana mmoja kutoka Manchester aliyetaka kufuga farasi na kupata utulivu. Wiki hiyo hiyo akafunga geti kwa mnyororo.

Tulicheka. Sheria ya Uingereza tuliijua, au tulidhani tunaijua. Watu wakipita shambani kwa mtu miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kupewa ruhusa, njia inakuwa ya umma milele. Sisi tulikuwa tumepita tangu enzi za mababu. Hilo la ruhusa hatukulitilia maanani.

Tukapeleka madai yetu, serikali ikaleta mkaguzi kusikiliza shauri, na ukumbi wa kijiji ukajaa. Olive ndiye aliyetangulia kusimama, kavaa kofia yake ya Jumapili. Wakili wa Pryce alikuwa kijana mwenye sauti laini, mpole kuliko kasisi wetu.

"Bibi Wragg, hebu tuambie, marehemu Bwana Bagshaw alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema, mwanangu. Hakuwahi kutukatalia kupita, hata siku moja."

"Kumbe mlikuwa mkimwomba?"

Olive akanyoosha mgongo. "Ala! Unatuonaje sisi? Tutapitaje shambani kwa mtu bila kumwomba? Kila Krismasi nilimpelekea pudini, nikamwambia, 'Seth, mwaka huu tena tutapita, kama huna neno.' Naye anasema, 'Piteni tu, Olive.' Sisi si wezi, bwana mdogo."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wakili naye alitabasamu, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Badala yake watu wakapanga foleni kutoa ushahidi, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake kwa adabu. Huyu alimpelekea Bagshaw jemu, yule alimgongea mlango kumwomba ruhusa siku ya harusi ya binti yake. Kasisi akasema yeye alimshukuru mpaka kwenye mahubiri. Wakili aliandika tu, ametulia kama mtu anayeletewa chakula mezani.

Uamuzi ulipokuja ulikuwa mfupi. Njia haikuwa haki yetu kamwe. Ilikuwa hisani ya Bagshaw, na hisani imezikwa pamoja naye.

Nilimkuta Olive jikoni kwake analia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. "Nimewafungia geti kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema. "Watoto wa watu watapita kwenye malori kwa sababu yangu."

"Twende tukaongee na Pryce taratibu," nikamwambia. "Tumwombe."

"Kumwomba! Si kuomba huko huko ndiko kulikotufikisha hapa?" Akafuta uso kwa aproni. "Naanza upya. Miaka ishirini."

"Olive, una miaka sabini na mmoja."

"Basi sina muda wa kubishana na wewe. Nisogezee viatu vyangu vya mvua."

Wenye busara husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Olive hakuchutama.

Pryce, kwa vile ameshinda, alikuwa ameondoa mnyororo na kupachika kibao: watu wapite kwa hisani ya mwenye shamba. Maana yake, akitaka anafungua, akitaka anafunga. Wageni wake wa farasi wakija, anafunga, nasi tunarudi kuchezea roho zetu barabarani. Olive akakipita kibao kile kana kwamba kimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Pryce akatoka nje na kikombe chake cha kahawa.

"Habari za asubuhi, Bibi Wragg! Nakuruhusu kupita!"

"Sijakuomba!"

Yule bwana hakuwa mjinga. Alijua neno lake moja linatosha kuvunja hesabu ya miaka. Basi kila asubuhi alitoka kumruhusu, na kila asubuhi Olive akaikataa ruhusa. Baadaye nasi tukajiunga, mmoja mmoja. Hukuwahi kuona watu wanateseka vile. Kumpita mtu mlangoni kwake bila salamu! Kasisi alikuwa akipita huku anakohoa ili mdomo upate kazi.

Masika moja Olive aliteleza kwenye tope, akaanguka kifudifudi. Pryce akatupa kikombe, akakimbia, akamwinua, akampangusa koti.

"Umeumia, bibi?"

"Sikukuita," Olive akasema, akaendelea na safari.

Alifika kwangu anatetemeka. Nilidhani amevunjika mfupa. "Hata asante sikumwambia," alisema. "Mtu ameniinua matopeni, nami nimemwacha hivi hivi. Wilf angenikana." Nikampa chai. Akainywa yote, na kesho yake akapita tena.

Alipofika sabini na tisa kifua kikambana, akajua hiyo miaka ishirini hataifikisha. Akaniita. "Nikifa, nipitisheni shambani," akasema. "Mkizunguka barabarani nitawatokea."

Huku kwetu wazee waliamini kwamba palipopita jeneza panakuwa njia ya watu wote. Wakili yeyote atakwambia huo ni upuuzi, na ni upuuzi kweli. Tulilijua hilo. Tulimbeba hata hivyo.

Siku ile kulikuwa na wageni wa farasi na geti limefungwa. Pryce amesimama nyuma yake. Tukasimama pia, jeneza begani kwa wanaume, mvua inatunyeshea. Nililisikia neno "tafadhali" likipanda kooni, na nikaona linavyopanda kwa wenzangu. Kasisi alifumba macho. Hakuna aliyelitamka. Nilikuwa na hofu, maana bwana yule angesema tu "nawaruhusu", tungepita kwa hisani yake, na mazishi yenyewe yangekuwa zawadi kutoka kwake.

Pryce alifungua mdomo. Akalitazama jeneza, akaufunga mdomo. Akavua kofia, akafungua geti, akatoka njiani na kwenda kusimama topeni na viatu vyake vizuri. Hakusema kitu. Tulipopita wote, akatufuata nyuma mpaka kaburini.

Majira ya kuchipua akaenda mwenyewe ofisi ya wilaya, akaitoa njia iwe ya umma, kwa maandishi, milele. Hatukumwambia asante, wala yeye hakuonekana kuitarajia. Asubuhi watoto wanapita pale kwenda shule, wanasukumana na kupiga kelele, na hawamwombi mtu.