Askari wa Plastiki

Juzi pale Majengo niliona askari wa plastiki kwenye rundo la mitumba, nikamnunua. Binti yangu akaguna.

"Mami, si uko na wengine wengi kwa kabati? Wa nini?"

Nikamtia mfukoni. Kila ninayemkuta sokoni namnunua, na nyumbani namlaza kifudifudi, asije akamsimamisha mtu.

Wa kwanza, nilipokuwa mtoto, alikuwa wa kijani, bila mguu mmoja. Alasiri ile ua wetu ulinuka moshi na udongo mbichi. Mama alikuwa amenipa mgongo, akipepeta maharagwe, na nilipenda ule mchakacho wake. Nikamsimamisha askari wangu nyuma yake, nikaiga sauti nzito ya michezo ya watoto wakubwa: "Simama! Mikono juu!"

Ungo ukaanguka. Mama akasimama, akainua mikono bila kugeuka. Nikacheka, nikidhani amekubali kucheza. Nilizaliwa baada ya uhuru. Sikujua kuwa wanajeshi wa mkoloni waliwahi kumsimamisha hivyo, mlangoni kwake.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Shusha mikono."

Hakuishusha, mpaka nilipomwamuru kwa ile sauti ya askari.